WAACHIE KARATASI ZA WATOTO WETU



Katika mkutano wa tawi uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema ya kwamba chama cha reli ni cha reli, na mambo ya shule yapelekwe kwa waalimu. Wengine wakampigia makofi. Sisi hatukupiga, lakini hatukupata nafasi ya kujibu kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameshika saa mkononi na watu wa zamu ya usiku walikuwa wamekwisha kuvaa makoti yao. Basi jibu letu ni hili, nasi tumeliandika kwa urefu ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Kwanza tueleze shauri lenyewe kwa wale ambao hawakuwako. Yuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya gengi, kazi ya mataruma na kokoto, mpaka akastaafu akarudi kwake Subukia. Jina lake hatuliandiki, maana yeye mwenyewe ameomba hivyo, lakini wengi wenu mmekula ugali pamoja naye njiani. Binti yake wa mwisho alisoma vizuri akachukuliwa na chuo kikuu kimoja cha serikali, mbali na kaunti yetu, asomee digrii ya uuguzi. Mzee alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake, akauza mtamba, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikatoa mkopo, na palipopungua akaja kwetu. Tulichanga. Daftari la mchango tunalo hata leo, na jina la yule mwenzetu aliyesema mambo ya shule si yetu limo ndani yake: alitoa shilingi 500, nasi twamshukuru. Sasa twamwuliza, fedha yako iko wapi, ndugu? Imelala ndani ya kabati la karani pamoja na karatasi za yule binti.

Msichana alimaliza miaka yake minne. Alifanya mtihani wa mwisho, akarudisha vitabu, akafunga sanduku lake akarudi nyumbani kungoja. Leo ni mwaka mmoja na miezi mitatu anangoja. Siku ya mahafali wenzake walivaa majoho, na yeye jina lake halikuwamo katika orodha. Alipouliza akaambiwa maksi za somo moja la mwaka wa tatu hazionekani. Hawakusema ameanguka, wala hawakusema hakufanya mtihani. Walisema hazionekani, kama mbuzi aliyekata kamba usiku. Na aliyepewa kazi ya kumtafuta mbuzi huyo ni msichana mwenyewe, ambaye hakuwa mchungaji.

Kisha ikaja fomu ya kliarensi. Fomu hiyo hutaka sahihi ya maktaba, sahihi ya bweni, sahihi ya idara, sahihi ya michezo, sahihi ya ofisi ya fedha. Ofisi ya fedha ikasema anadaiwa shilingi 11,600. Mzee akatoa risiti ya benki ya kiasi hicho hicho, yenye muhuri. Karani akaitazama akasema, "Mzee, hii haijaingia kwa mashini. Rudi wiki ijayo." Wiki ijayo karani yuko likizo. Wiki ile nyingine mashini imekufa. Mzee hupanda gari Subukia kabla ya alfajiri, baridi ya mlima ikiwa bado, hufika Nakuru, hubadilisha gari, hulala njiani, na siku ya pili hufika kwa karani. Kila safari amechora mstari kwa mkaa katika ukuta wa ghala lake la mahindi. Tulikwenda kumwona mwezi uliopita, tukaihesabu mistari ile. Ilikuwa tisa.

Sisi tuliosoma shule za misheni twaikumbuka hadithi ya mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka kadhi akachoka akampa haki yake. Mjane yule alikuwa na bahati moja: alipokwenda, kadhi alikuwapo ofisini.

Mwenzetu atasema, vyema, twasikitika, lakini karani wa chuo si karani wa reli. Na sisi twasema hakuna watu katika nchi hii wanaoweza kulielewa jambo hili kuliko watu wa reli. Katika njia moja, treni haiondoki stesheni mpaka dereva apewe ruhusa ya kuingia sehemu ya mbele, ile tuliyozoea kuiita laini klia. Injini yaweza kuwa nzima, mafuta yamejaa, gadi yuko tayari na bendera yake, abiria wamekaa. Bila laini klia hapana kwenda. Sheria hiyo ni njema, maana inazuia treni mbili kukutana uso kwa uso. Lakini stesheni masta akiikalia laini klia na hali njia ya mbele ni tupu, kwa sababu amekwenda kunywa chai au hajui kalamu iko wapi, dakika zake zitaandikwa kitabuni na kesho ataulizwa. Twauliza: dakika za ofisi ya mitihani ya chuo zinaandikwa na nani? Mwaka na miezi mitatu ni dakika ngapi?

Na muuguzi hana stesheni moja tu. Mtu aliyesomea hesabu au historia akicheleweshewa cheti, anaweza angalau kufundisha watoto wa jirani jioni akapata sukari ya nyumbani. Muuguzi hawezi kuanza kazi yake hata kidogo. Chuo lazima kikamilishe maksi, ndipo jina lake liende kwa Baraza la Wauguzi. Jina likifika, ndipo akae kwenye mtihani wa Baraza. Akishinda, ndipo aandikwe katika orodha ya wauguzi. Akiisha kuandikwa, mwenye digrii hungoja tena apangiwe hospitali ya kufanyia mwaka mmoja wa mazoezi. Ndipo awe mtu wa kuomba kazi. Karatasi moja ikilala katika stesheni ya kwanza, stesheni zote zilizo mbele zimefungwa. Na akijaribu kuruka, Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, yasema kufanya kazi hiyo bila kuandikwa ni kosa. Nasi hatuipingi sheria hiyo. Nani anataka kudungwa sindano na mtu asiyejulikana? Twasema tu ya kwamba mwenye kulinda lango awe macho, asilale na ufunguo mfukoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lingemfanya kila mwanachama kusimama. Binti huyu, baada ya kukaa nyumbani miezi minane, alikwenda kutafuta kibarua katika zahanati moja ya mtu binafsi. Mwenye zahanati akamwuliza, umesomea nini? Akasema uuguzi. Karatasi ziko wapi? Hazijatoka. Yule tajiri akafurahi sana. Akamwandika kuwa mfagiaji, kwa mshahara wa mfagiaji, na usiku akampa zamu ya muuguzi. Mchana ni ufagio, usiku ni sindano, dripu na akina mama waja wazito. Usiku mmoja akaachwa peke yake na mama aliyekuwa anazaa mtoto wa kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Alipiga simu, tajiri hakuipokea. Mungu alisaidia, gari la jirani likapatikana, mama akafikishwa hospitali kubwa, mama na mtoto wakapona. Asubuhi msichana akaweka ufagio chini akaenda zake. Kama mama yule angalikufa, ni nani angalisimama mbele ya hakimu? Tajiri angalisema, mimi nilimwajiri mfagiaji, tazama kitabu changu. Na chuo kingalisema, huyo hatujampa cheti.

Hiyo ndiyo maana ya kuchelewesha karatasi, ndugu. Mtu mwenye elimu lakini asiye na karatasi ni bidhaa rahisi sokoni. Tajiri hupata kazi ya digrii kwa bei ya ufagio. Je, hilo nalo ni jambo la waalimu? Kama hilo si jambo la chama cha wafanyi kazi, basi chama kifunge mlango, na mashini hii ya kupigia chapa iuzwe.

Wazee wetu waliujua mchezo huu kwa jina lingine. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kibati chenye karatasi ndani, na katika karatasi hiyo tajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Bila sahihi ya tajiri wa kwanza huwezi kwenda kwa tajiri wa pili. Ukienda, wewe ni mtoro na jela yakungoja. Kwa hiyo tajiri aliyekasirika hakuhitaji kamba wala pingu. Alikataa tu kutia sahihi. Harry Thuku na wenzake waliupigia kelele mzigo huo mwaka 1921 na 1922, na watu waliuawa Nairobi kwa risasi Machi 1922 walipotaka aachiliwe. Kibati kilikwisha kuondolewa shingoni siku nyingi, kabla ya Uhuru. Lakini mtu akisema kijana hawezi kwenda kazini mpaka karani wa maktaba, karani wa bweni na karani wa mpira watie sahihi, na kila mmoja ana hiari ya kutia leo au mwaka ujao, sisi twaona kipande kimerudi, ila sasa kimepigwa chapa kwenye karatasi nzuri zaidi.

Tusije tukasemwa ya kwamba twataka watu wasilipe madeni. Deni ni deni. Mzee wetu hajawahi kukataa kulipa, na deni lenyewe alikuwa amekwisha lipa. Lakini wako wengi wanaodaiwa kweli, na kwa hao pia twasema kukalia cheti si njia ya kudai. Ukimnyima mvuvi mashua yake mpaka alipe deni la mashua, utakula nini wewe, na atakula nini yeye? Bunge lenyewe liliona ukweli huu kwa shule za chini. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 yasema waziwazi ya kwamba cheti cha mtihani wa Baraza hilo kisizuiwe na mtu yeyote wala shule yoyote. Na bado wakubwa wa Wizara ya Elimu wamelazimika kuwakumbusha walimu wakuu mara kwa mara, na bado makabati yamejaa vyeti vya kidato cha nne. Maksi na vyeti vya vyuo vikuu havimo katika sheria hiyo. Hapo ndipo twataka wabunge wetu waulizwe, tena waulizwe wakati wanapokuja kuomba kura, siku ambayo masikio yao hufanya kazi.

Sasa tufike mahali pagumu, na hapa hatuwezi kupita mbio. Zile maksi zilizopotea zilikwenda wapi? Tuliuliza, na jibu tulilopata lilituumiza kichwa. Somo lile lilifundishwa na mwalimu wa kibarua, yule alipwaye kwa saa, na hakulipwa. Alikaa muhula mzima bila senti. Alipoona hapana dalili, alisahihisha mitihani akayashika makaratasi nyumbani kwake. Habari za namna hii si za chuo kimoja. Vyuo vyetu vya serikali vina madeni makubwa, na hata waalimu walioajiriwa daima waligoma mwaka 2025 tangu Septemba hadi Novemba wakidai fedha za mapatano ya mwaka 2021 hadi 2025. Twajua maana ya kufanya kazi bila kulipwa. Hatutamtupia jiwe mwalimu aliyenyimwa jasho lake.

Lakini twamwambia neno moja kama ndugu. Januari 1947 watu wa bandari na wa reli Mombasa waliacha kazi siku 12, mji ukasimama. Waliacha kazi yao wenyewe, mikono yao wenyewe. Mtu wa reli akigoma, treni husimama. Hachukui sanduku la abiria akaenda nalo nyumbani mpaka alipwe. Mwalimu ana haki ya kukataa kufundisha asipolipwa. Ana haki ya kukataa kusahihisha. Ana haki ya kusimama mbele ya lango la chuo na bango, nasi tutakwenda kusimama naye. Maksi zilizokwisha andikwa, hata hivyo, ni sanduku la abiria. Anayeumia kwa kuzishika si mkuu wa chuo, ambaye gari lake lina mafuta. Anayeumia ni binti wa mtu wa gengi. Wako wenzetu katika halmashauri ambao hawakubali neno hili; wao husema silaha ya maskini isichaguliwe na mtu mwingine. Tumebishana nao mpaka usiku na hatukupatana. Na wakubwa wa chuo wasije wakafurahi kusikia haya, wakanawa mikono kama Pilato. Mwenye kosa la kwanza ni yule aliyemwajiri mtu na hakumlipa.

Wako waliotushauri njia fupi. "Mpeni karani chai kidogo, mambo yatakwisha." Shauri hili lilitolewa na watu wenye akili, tena kwa huruma, kwa hiyo twalijibu kwa adabu. Ukimpa karani chai kwa ajili ya karatasi yako, umemfundisha kuikalia karatasi ya anayefuata. Leo ni shilingi 1,000. Kesho ni 3,000, na mtoto wa mjane asiye na chama wala daftari la mchango atakaa miaka mitatu. Tena mzee mwenyewe alikataa. Alisema, "Nimepiga mataruma maisha yangu yote, sikupata kumhonga mtu ili reli inyooke."

Mwingine akasema, hata akipata karatasi zote atakaa nyumbani tu, mbona wauguzi waliotimiza kila kitu wako mitaani hawana kazi? Hilo ni kweli, na ni aibu ya pili. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na sababu moja kubwa ilikuwa vijana waliomaliza masomo na hawakupelekwa hospitali kufanya mwaka wao wa mazoezi. Foleni baada ya foleni. Lakini kungoja jukwaani na tikiti mkononi si sawa na kungoja nje ya ua wa stesheni. Kaunti ikitangaza nafasi, tangazo lina siku ya mwisho. Mwaka huu nafasi zilitangazwa, siku zikapita, na binti wa mzee hakuweza hata kujaza fomu kwa sababu hakuwa na namba ya Baraza. Na wanaotaka kwenda ng'ambo ni vivyo hivyo. Serikali yetu na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyi kazi wa afya Julai 2021. Kule nako watu hawapokei maneno ya mdomo, hutaka karatasi za chuo. Sisi si washabiki wa kuwauza watoto wetu ng'ambo, lakini anayetaka kwenda asizuiwe na kabati.

Na wakati kabati limefungwa, hali ya watu ni namna gani? Shirika la Afya Duniani limetaja kiasi cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na nchi yetu iko chini sana ya hapo. Hatuna haja ya kusoma vitabu. Nenda Subukia siku ya kliniki ya watoto, uone akina mama waliotoka vilimani na watoto mgongoni wakiwa wamekaa kwenye nyasi tangu saa moja asubuhi, na muuguzi mmoja anaita majina, anapima uzito, anadunga, anaandika, kisha anakimbia chumba cha kujifungulia. Wauguzi walipogoma tangu Juni hadi Novemba mwaka 2017, miezi mitano mizima, kila mtu alijifunza hospitali bila muuguzi ni nini: ni nyumba yenye vitanda. Na nyumba ya mzee wetu iko mwendo mfupi tu kutoka kliniki hiyo. Muuguzi wa digrii amekaa huko anachambua mahindi, na muuguzi aliye kazini anaanguka kwa uchovu, na baina yao pana karatasi moja tu.

Sasa tuseme nasi makosa yetu, maana mtu hawezi kumwambia jirani afagie ua na wa kwake una majani. Mwaka jana mwanachama mmoja aliomba barua ya ofisi yetu ya tawi kwa ajili ya hesabu ya malipo yake ya uzeeni. Barua ya mistari minne. Ilikaa miezi mitano. Iliwekwa chini ya mafaili ya uchaguzi, ikasahauliwa, na aliyeisahau ni mmoja wa sisi tunaoandika haya. Tulimwomba radhi, lakini radhi haikumlipia nauli. Tangu mwezi huu kila barua iletwayo ofisini kwetu itaandikwa siku ya kuingia, na mwenye barua atapewa kijikaratasi chenye siku hiyo na jina la aliyeipokea. Ikipita siku 14 bila jibu, alete kijikaratasi chake mbele ya mkutano asimame aseme.

Hilo hilo ndilo tunalolitaka kwa vyuo, wala si jambo la kuvunja hazina ya serikali. Kila fomu ipigwe muhuri wa siku iliyopokelewa. Kila karani aandike jina lake. Ofisi moja izungushe fomu ndani ya chuo yenyewe, maana maktaba na bweni na ofisi ya fedha ziko katika ua mmoja, na mtoto wa Subukia hayuko katika ua huo. Na maksi zikipotea, waliozipoteza ndio wazitafute.

Haya si maombi ya hisani. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 47, imempa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za utawala kwa upesi na kwa uadilifu, na akiumizwa na uamuzi wa ofisi, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, ndugu, si "rudi wiki ijayo" kupitia dirishani. Iko pia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: ukiandika kuiuliza ofisi ya umma habari inayokuhusu, lazima ikujibu katika siku 21. Chuo kikuu cha serikali ni ofisi ya umma. Wasipojibu, iko Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo ofisi ya Ombudsman, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hii, na kupeleka lalamiko huko hakulipiwi. Mzee wetu alifanya safari tisa bila mtu hata mmoja kumwambia haya. Hata sisi, kusema kweli, tulimchangia nauli za safari nne kabla hatujafikiri kuandika barua moja.

Barua hiyo sasa imeandikwa. Imetiwa sahihi na msichana mwenyewe, maana jambo ni lake na yeye ni mtu mzima; sisi tulisaidia kuipanga tu. Imeuliza mambo matatu: maksi zake ziko kwa nani, risiti yake iliingizwa siku gani, na jina lake litapelekwa kwa Baraza la Wauguzi lini. Ilikwenda kwa rejista ya posta, nakala ikapelekwa kwa barua pepe, na karatasi ya posta iko katika faili la tawi. Siku 21 zitakwisha Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Jibu lisipokuja, Jumatatu inayofuata lalamiko litapelekwa kwa Tume, na wanachama watatu wamejitolea kwenda na mzee katika safari ya kumi, ili karani aone dirishani nyuso nne badala ya moja. Nauli itatoka katika mfuko wa tawi kama mkutano ukikubali. Mwenzetu wa shilingi 500, twakuomba uje siku hiyo ya kupiga kura.

Mwanachama mwingine yeyote mwenye mtoto, ndugu au mke ambaye karatasi zake zimekaliwa na chuo, shule au ofisi, alete habari zake kwa katibu wa tawi siku za Jumanne na Alhamisi baada ya saa kumi na moja jioni. Alete nakala za risiti na fomu. Karatasi zenyewe za asili azifiche nyumbani, asimpe mtu yeyote, hata sisi.